Ramani husahihishwa kwa raba, ukuta kwa nyundo

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo ni wa kweli, na wengi wetu tumeulipia. Lakini fundi mwashi mmoja mzee, ambaye nimemfahamu tangu utoto wangu, ana nyongeza yake. Yeye husema kwamba ufa wa kwanza wa nyumba hauko ukutani bali uko kwenye karatasi, na kwamba ufa huo huzibwa kwa raba ya shilingi chache. Ukiachwa hapo mpaka matofali yapande, hautazibika tena isipokuwa kwa nyundo, saruji na ugomvi wa mume na mke.

Katika safu hii tumekwisha kuzungumza juu ya viwanja, hati na kuweka akiba ya ujenzi. Leo napenda tuzungumze juu ya ramani yenyewe. Nitafanya hivyo kwa kuwasimulieni habari ya familia moja ninayoifahamu. Wameniruhusu kuisimulia, ila majina yao nimeyaacha.

Bwana ni karani bandarini, na mkewe ni muuguzi katika zahanati. Wana watoto wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, na mama mzazi wa bwana, ambaye watoto humwita bibi, anaishi nao. Kwa miaka mingi wamepanga vyumba viwili katika nyumba moja ya Buguruni. Kwa kujinyima sana wamepata kiwanja cha mita 20 kwa 30 huko Chanika, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Siku moja bwana alinijia ofisini akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, uso wake ukimeremeta. "Ndugu mwandishi," akaniambia, "hii ndiyo nyumba yetu. Nyumba ya kisasa. Jumatatu tunachimba msingi."

Nikaikunjua ramani ile juu ya meza, na kwa kweli ilikuwa nzuri kuitazama. Ilikuwa nyumba ya mita 12 kwa 10. Mbele palikuwa na sebule ya mita 6 kwa 5, yaani mita za mraba 30. Palikuwa na chumba cha kulia cha mita 4 kwa 3, chumba cha wazazi chenye bafu lake, vyumba viwili vya watoto, na choo cha watu wote. Korido ndefu ya mita 9 ilikata nyumba katikati. Jiko lilikuwa la mita 2 kwa 2 na nusu.

Nikamwuliza swali moja tu: "Bibi atalala wapi?"

Akasita kidogo. "Atalala na wajukuu wake wa kike," akasema. "Wanampenda."

Mimi si mhandisi wala mbunifu wa majengo. Nimesomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza. Lakini jibu lile halikunituliza. Nikamwomba aahirishe msingi kwa majuma mawili, tuitazame ramani ile pamoja na mkewe na yule fundi mzee. Alikubali kwa shingo upande.

VITANDA VYA KARATASI

Jambo la kwanza ambalo fundi alitufanyisha lilikuwa kama mchezo wa watoto. Alituambia tupime kila chombo kilichomo katika vile vyumba viwili vya Buguruni: vitanda, kabati, meza, viti, pipa la maji, hata cherehani ya mama. Kisha tukakata vipande vya karatasi kwa kipimo cha 1 kwa 50, yaani kila mita moja ya kweli ikawa sentimita 2 za karatasi. Ramani nayo tukaichora upya kwa kipimo hicho hicho. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kikawa kijikaratasi cha upana wa sentimita 3 na urefu wa karibu sentimita 3 na nusu na kidogo zaidi.

Hapo ndipo ramani ilipoanza kusema. Chumba cha wasichana kilikuwa cha mita 3 kwa 3. Humo walitarajiwa kulala wasichana wawili na bibi, kila mmoja na kitanda chake cha futi 3 na nusu. Vitanda vitatu vya namna hiyo vikipangwa ubavu kwa ubavu huchukua upana wa mita 3.2. Chumba ni mita 3. Tulivigeuza vile vijikaratasi kila upande. Kila tulipopata nafasi ya kitanda cha tatu, mlango ulikataa kufunguka au kabati likakosa mahali.

Mama wa nyumba alikuwa amekaa kimya mpaka wakati ule. Akaweka kidole juu ya sebule na kusema, "Hapa kuna mita 30 za kuwakaribisha wageni wa Jumapili. Na hapa," akakisogeza kidole jikoni, "mimi nitakuwapo kila siku, asubuhi na jioni, katika mita 5." Mumewe hakuwa na la kujibu. Katika miaka yote ya kupanga nyumba ile, hakuna aliyekuwa amempa mama penseli.

Ndugu msomaji, kabla hatujaendelea, fanya zoezi hilo nyumbani kwako. Halikugharimu chochote ila jioni moja. Usimwamini mchoraji aliyechora vitanda vidogo vidogo ndani ya ramani ili vyumba vionekane vikubwa. Kata vitanda vyako mwenyewe.

KORIDO ISIYOLALIWA

Tukaingia kwenye hesabu. Korido ya mita 9 yenye upana wa mita 1.2 ni mita za mraba 10.8. Hicho ni chumba kizima! Kina sakafu, kina dari na kinaezekwa bati, lakini hapana anayelala humo wala anayekaa. Mita 5 za mwanzo zilikwenda tu sambamba na ukuta wa sebule, kwa sababu mchoraji aliifunga sebule kama ofisi ya mkurugenzi. Tulipoifuta sehemu hiyo, mita za mraba 6 zilirudi mikononi mwetu. Sebule ikasogea kidogo kuchukua nafasi ile, na jiko likapewa nafasi iliyoachwa na sebule. Jiko likakua kutoka mita za mraba 5 hadi 9, na pembeni yake ikapatikana stoo ya mita za mraba 2 kwa ajili ya unga, mkaa na ndoo. Nyumba haikuongezeka hata tofali moja kwa nje.

Nisieleweke kwamba korido ni adui. Inawapa watu faragha, na mtoto anaweza kwenda chooni usiku bila kupita katikati ya wageni. Ndiyo maana mita 4 za mwisho, zinazofikisha watu vyumbani, tuliziacha kama zilivyo. Ubaya uko kwenye korido isiyomfikisha mtu popote.

CHUMBA CHA KULIA AU CHUMBA CHA BIBI

Hapa ndipo palipokuwa na mvutano, na sitauficha. Bwana aliona kwamba nyumba isiyo na chumba cha kulia si nyumba ya kisasa. Alikuwa amekiona chumba cha namna hiyo kwa mkubwa wake wa kazi, kikiwa na meza ya viti sita na kabati la vyombo vya kioo, na moyoni mwake alikuwa amekwisha kukaa katika kiti cha mwisho wa meza.

Mkewe hakubishana naye. Alimwuliza tu kama anakumbuka ni lini mara ya mwisho wote saba walikula mezani kwa wakati mmoja. Yeye mwenyewe huwa na zamu za usiku, bwana hurudi jioni kwa daladala ya pili au ya tatu, watoto wana masomo ya ziada. Siku wanapokutana wote hutandika mkeka na kula sinia moja.

Chumba kile cha kulia kilikuwa na mita 4 kwa 3 na dirisha upande wa kusini. Kilipakana na choo cha watu wote. Kwa maneno mengine, kilikuwa chumba cha bibi ambacho mchoraji alikiita kwa jina lingine. Meza ya kula ikahamia mwisho wa sebule, upande wa jikoni, ambako chakula hufika kikiwa bado na moto. Mlango wa choo, ambao hapo awali ulifunguka moja kwa moja chumbani pa kulia, aibu ambayo hatukuwa tumeiona, ukageuziwa koridoni. Kutoka kitandani kwa bibi hadi chooni ikawa mwendo wa hatua chache.

Bwana alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akachukua raba mwenyewe, akafuta maandishi ya chumba cha kulia. Hakuandika kitu badala yake siku hiyo, ila alikubali twende kiwanjani.

KAMBA ZA KATANI KIWANJANI

Jumapili iliyofuata tulikwenda Chanika sote, na bibi akiwemo. Fundi alikuja na vigingi na kamba ya katani, akaipima nyumba yote juu ya ardhi kama ilivyokuwa katika ramani yetu iliyosahihishwa. Penye mlango aliacha pengo. Kisha akasema, "Sasa ishini."

Watoto walikwenda mbio vyumbani mwao na kuanza kugombea pembe. Mama akasimama jikoni, akanyoosha mikono kana kwamba anapakua. Bwana akaketi sebuleni juu ya jiwe. Bibi alipita polepole na fimbo yake kutoka chumba hadi chumba, akiruka kamba hakuna, akitafuta mapengo tu. Alipofika mwisho wa korido akasimama.

"Mwanangu," akamwita mwanawe, "nikitaka kutoka nje bila kupita mbele ya wageni wako, napita wapi?"

Tukatazamana. Katika nyumba nzima kulikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa mbele. Bwana alikuwa ameona jambo hilo kuwa ni usalama dhidi ya wezi, na sisi wengine, pamoja na vijikaratasi vyetu vyote, hatukuliona kabisa. Bibi peke yake ndiye aliyeliona, kwa sababu ndiye ambaye siku yake nzima hupita nyuma ya nyumba: kuchambua mchele, kuanika mboga, kuota jua la asubuhi, kuzungumza na jirani.

Swali hilo lilitukumbusha nyumba ambayo familia ile inaishi hadi leo. Nyumba ya Kiswahili ya Buguruni, Ilala au Magomeni ina mpango wake unaojulikana: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma kuna uani, penye jiko, bafu, choo na mahali pa kufulia. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilipojenga nyumba mpya Magomeni katika miaka ile ya kwanza ya uhuru, halikuutupa uani. Hata majumba makubwa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, mengi yamejengwa yakizunguka ua ulio wazi kwa juu. Wazee wetu walijua kwamba katika nchi ya joto nusu ya maisha ya nyumbani hufanyika nje, mahali penye kivuli, mbali na macho ya mpita njia.

Nyumba tunazoziita za kisasa zimeusahau uani. Ramani nyingi zinazopita mikononi mwa watu, na siku hizi katika simu zao, zimenakiliwa kutoka nchi za baridi, ambako watu hujifungia ndani kwa miezi kadhaa. Sisi tunazijenga, kisha baada ya mwaka mmoja tunaliona jiko la mkaa limewekwa juu ya ngazi za mbele, na mama anachambua dagaa mlangoni pa sebule, na tunasema familia ile haijastaarabika. Kosa ni la ramani.

Basi pale pale fundi akakata kamba mwisho wa korido na kuacha pengo la mlango wa nyuma, hatua mbili kutoka mlango wa jiko. Nje yake akapima baraza ya mita 2 kwa 4 itakayoezekwa pamoja na nyumba, na bomba la kufulia pembeni. Kuhusu wezi, alisema mlango wa nyuma unahitaji geti la chuma kama wa mbele, na kwamba nyumba yenye mlango mmoja ni hatari zaidi siku ya moto.

JUA, UPEPO NA MOSHI

Kiwanja kile kina barabara upande wa magharibi, na kwa hiyo uso wa nyumba hutazama huko. Chumba cha wazazi kilipewa dirisha moja tu, nalo la magharibi. Kila anayeishi Dar es Salaam anajua maana yake: ukuta hupokea jua kuanzia alasiri hadi magharibi, na usiku matofali hurudisha joto hilo juu ya kitanda chako.

Mji wetu uko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la mchana hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba, na katika miezi mingine huegemea kidogo kaskazini au kusini. Kwa sababu hiyo, kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzikinga: paa likizidi ukuta kwa sentimita 75 au 90, kivuli kinatosha. Lakini jua la asubuhi na la jioni huja chini chini na kupenya chini ya paa. Kwa hiyo madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uwekewe kabati, bafu, stoo, baraza yenye kina au mti wa kivuli kama mwarobaini.

Tukalihamishia dirisha la wazazi ukuta wa kusini, na ukuta wa magharibi ukapewa kabati la nguo. Faida yake ilikuwa mbili kwa moja, maana upepo wa kusi, unaovuma tangu Aprili hadi karibu Septemba, hutoka upande huo. Lakini upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa ni kama chupa. Fundi alishauri kila chumba cha pembeni kiwe na madirisha katika kuta mbili, na vile vya katikati viwe na matundu yenye wavu juu ya mlango, ili hewa ipite ikielekea koridoni.

Juu ya ukubwa wa madirisha, kipimo ambacho mafundi wengi hukifuata ni kwamba eneo la dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha bibi kina mita za mraba 12, basi dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 linatosha. Ila angalia: dirisha la vioo vya kusukuma hufunguka nusu tu. Ukilichagua, lifanye kubwa zaidi, na usisahau wavu wa mbu.

Moshi nao una ramani yake. Jiko letu liko kaskazini mashariki, na wakati wa kusi moshi huenda zake. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazi huurudisha ndani. Kwa hiyo jiko la mkaa litawekwa katika kibanda kidogo upande wa pili wa ua. Mkaa usichomwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Wanaotumia gesi waweke mtungi nje ya ukuta penye uwazi, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

KONA NA MABOMBA

Yapo mambo mawili ya fedha ambayo nitayapitia kwa haraka.

Kwanza, kona. Nyumba ya mita 12 kwa 10 ina eneo la mita za mraba 120 na mzunguko wa mita 44. Nyumba nyembamba ya mita 20 kwa 6 ina eneo lile lile, lakini mzunguko wake ni mita 52. Tofauti ya mita 8 kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 24 za ukuta, na kwa kuwa mita moja ya mraba hula matofali ya saruji yapatayo 10, umeongeza matofali 240 bila kupata nafasi ya kuweka hata kigoda. Hali kadhalika kila kona inayotoka nje huleta makutano ya paa, na hapo ndipo mvua za masika hupapenda. Ramani yetu ilikuwa na kona mbili za mapambo mbele. Tulizinyoosha.

Pili, mabomba. Bafu la wazazi lilikuwa pembe moja na choo cha watu wote pembe nyingine. Tuliyaleta yakapeana mgongo, ukuta mmoja ukayahudumia yote mawili, na bomba la majitaka likawa fupi. Kumbuka pia kwamba ikiwa mnachimba kisima, wataalamu wengi wa afya hushauri shimo la choo liwe mbali nacho kwa mita 30 au zaidi. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 30 hilo ni gumu, nawe huna budi kuuliza jirani zako shimo lao liko wapi kabla ya kuamua.

KABLA YA JUMATATU YA MSINGI

Kama nawe una ramani iliyokunjwa mfukoni, jiulize maswali haya, na umwulize kila mtu wa nyumbani, si baba peke yake:

Mzee wa nyumba atalala wapi, na usiku atatembea hatua ngapi hadi chooni? Je, milango yake ina upana wa kutosha, tuseme sentimita 90, na mlango wa mbele una njia ya mteremko badala ya ngazi tupu?

Mwenye kupika anasimama wapi, anaiona wapi nuru ya mchana, na masufuria yanakaa wapi?

Wasichana na wavulana wana vyumba tofauti, na vitanda vyao vya karatasi vinaenea?

Mtu aliyetoka shambani au sokoni na miguu ya matope anaingilia wapi?

Nguo zinafuliwa wapi na kuanikwa wapi?

Jua la saa kumi alasiri linampiga nani?

Na fedha zikiisha njiani, kama ilivyo kawaida yake, ni vyumba vipi vitakavyomalizwa kwanza ili familia ihamie na kodi ikome? Swali hili ni la ramani, kwa sababu choo, jiko na vyumba viwili vikiwa upande mmoja mnaweza kuishi huku mkiendelea na ujenzi.

Majibu yakipatikana, mrudishie mtaalamu achore upya, kwani kuta zinazobeba paa na linta za madirisha mapana si mambo ya kukisia. Ramani hiyo iliyosahihishwa ndiyo ipelekwe halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi. Kubadilisha baada ya kibali ni usumbufu mpya.

Familia yetu ya Chanika ilichelewa kuchimba msingi kwa majuma matano, si mawili. Mchoraji alidai malipo kidogo kwa kuchora upya. Bwana alilipa, na aliponionyesha karatasi mpya niliona kwamba pale alipofuta chumba cha kulia sasa pameandikwa, kwa mkono wake mwenyewe na si wa mchoraji, maneno matatu: "Chumba cha Mama."

Msingi sasa umefika usawa wa jamvi. Fedha zimesimama hapo kwa muda, na hakuna ajuaye ni lini linta itapanda. Lakini nilipopita juzi nilimkuta bibi ameketi juu ya kigoda pale itakapokuwa baraza ya nyuma, anachambua mchicha. Nilimwamkia shikamoo, nikamwuliza kama ameridhika na nyumba.

"Marahaba," akajibu. "Kuta bado. Ila mlango nimekwisha kuuona ulipo."

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya maji ya mvua: namna ya kuyavuna kutoka paa la bati na kuyahifadhi yasizalishe mbu. Mpaka hapo, nawatakieni Jumapili njema.